Mkopo si Sadaka



Katika vikundi vya kuweka na kukopa vinavyokutana kwenye kumbi za parokia jijini Dar es Salaam, kuna neno ambalo husemwa kwa sauti ya upole: “Huyu hakopesheki.” Anayesemwa ni fundi viatu asiyeweza kutembea, au mama asiyeona anayeuza karanga sokoni, au kijana kiziwi mwenye cherehani yake. Jumapili tunamwekea sarafu mkononi mlangoni mwa kanisa. Jumatatu akiomba kuingia kikundini tunamwuliza atalipaje. Sisi twasema wazi kwamba neno hilo ni dhuluma, na upole wa sauti hauipunguzi.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, katika kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mapato hayo hutoka wapi? Sehemu yake ni ushuru wa masoko, ambao yule mama wa karanga naye huulipa. Basi anapofika ofisi ya kata kuomba mkopo haji kuomba hisani.

Tutajibiwa kwamba mikopo hii iliwahi kuharibika. Ni kweli. Palikuwa na vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wake, hadi uliporejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini kikundi hewa hakijipitishi chenyewe. Hapana budi awepo mwenye kalamu na mhuri wa kukipitisha. Na walioadhibiwa kwa zaidi ya mwaka mzima walikuwa wale waliongoja zamu yao kwa uaminifu.

Anayekosa mlango huo huenda wapi? Huenda kwa “kausha damu”, ambaye hushika kadi ya benki na kitambulisho, na siku ya deni huja kubeba kochi na jokofu. Hata mkopeshaji mwenye leseni ameruhusiwa kutoza hadi asilimia 3.5 kwa mwezi: shilingi 500,000 zikikaa mwaka mzima bila kupunguzwa huzaa riba ya 210,000. Wasio na leseni hawajali kikomo hicho, nao hawajifichi tena vichochoroni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zilizofanya kazi bila kibali.

Kanisa si geni katika jambo hili. Nehemia, katika sura ya 5 ya kitabu chake, aliwakemea wakubwa waliochukua mashamba ya ndugu zao kwa madeni. Mwaka 1462, mjini Perugia nchini Italia, Wafransisko walisimamisha mfuko wa kuwakopesha maskini, ulioitwa monte di pietà, na mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano ukaidhinisha mifuko ya namna hiyo itoze kiasi kidogo cha kulipia gharama zake. Tuangalie vema walichofanya watawa wale: hawakugawa sadaka. Walikopesha, wakashika rehani, wakadai walipwe. Walimhesabu maskini kuwa mtu wa kutimiza ahadi, heshima ambayo sarafu ya mlangoni haimpi.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa halmashauri walei wasiishie kwenye matangazo ya misa. Asiyeona asomewe fomu na mtu anayemwamini. Kiziwi apate mkalimani wa lugha ya alama siku ya kuhojiwa. Diwani wa kata, ambaye mara nyingi ni mwumini mwenzetu, aulizwe zile asilimia 2 zimetolewa kiasi gani mwaka huu na kwa nani, na majina yabandikwe ukutani. Asitujibu kwamba hiyo ni siasa.

Na vikundi vinavyotumia kumbi za parokia bila kulipa pango, kisha vikamkataa mtu kwa sababu ya mguu wake au macho yake, vitafute mahali pengine pa kukutania.