Hesabu za sehemu: mtoto achore kwanza, ndipo akokotoe

Mama ameuza 2/5 ya maharagi yake, amebaki na kilo 18. Alikuwa na kilo ngapi? Wanafunzi wengi wa darasa la tano na la sita hukimbilia kutafuta 2/5 ya 18. Kuzidisha wanajua, wasichojua ni 2/5 ya kitu gani.

Nchini Singapore, tangu miaka ya 1980, watoto hufundishwa kuchora kwanza. Ukanda mmoja ni maharagi yote, unagawanywa vipande 5 sawa. Viwili vimeuzwa. Vitatu vilivyobaki ni kilo 18, basi kimoja ni kilo 6, vyote kilo 30.

Huku DRC madarasa yamejaa tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019, na mtoto wa Goma au Bukavu aliyeanza kwa Kiswahili hufanya mtihani wa mwisho kwa Kifaransa. Ukanda hautamtafsiria swali. Ila unamlazimisha kuuliza: 18 ni yote, au ni yaliyobaki? Naye mwalimu, akipita kati ya madaftari, anaona palepale mtoto alipopotelea. Gharama ni chaki tu. Lakini mtihani ukipima jibu peke yake, ni walimu wachache watakaotumia muda wao kuchora.