Apu ya kongamano isiniletee watu wanaofanana na mimi

Wasee, wacha niwape kisa kimoja halafu tubishane.

Mwaka jana nililipa 2,500 kuingia kongamano la vijana na biashara hapa Nairobi. Kwangu hiyo si pesa ya mchezo. Waandaaji wakatuambia tupakue apu yao, eti itatuonyesha watu wa kukutana nao. Nikafungua. Ikaniuliza: Kampuni? Cheo? Chuo na mwaka wa kuhitimu?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Sina kampuni, sina cheo. Nina simu, kistendi cha simu na laptopu ambayo herufi M lazima uigonge mara mbili. Na hiyo sehemu ya chuo ilikuwa na nyota nyekundu, huwezi kuiruka. Nikaandika "bado".

Apu ikafikiria, ikaniletea watu kumi. Saba walikuwa wasemaji wa jukwaani. Nikachungulia simu ya jirani yangu, naye ameletewa hao hao saba. Watatu waliobaki walikuwa watengeneza video kama mimi, watu tunaopigania kazi zile zile. Nikawatumia wakubwa jumbe saba. Hakuna aliyejibu, na siwalaumu. Kama ukumbi mzima umeletewa jina lako, simu yako siku hiyo inageuka kuwa Githurai saa kumi na mbili jioni.

Saa nne tukaenda chai. Kwa laini nikajikuta nyuma ya mama mmoja. Akaangalia mkono wangu akasema, "Kijana, hicho kitu ni cha kupiga video?"

"Ndio, mama."

"Na hizo video unazitengeneza mwenyewe?"

Kumbe anauza chakula cha kuku huko Thika, na siku hiyo alikuwa amekuja kutafuta mtu mmoja tu: wa kumtengenezea video fupi za kufundisha wafugaji kwa Kiswahili. Hiyo kazi ililipa rent yangu miezi mitatu.

Sasa jiulize. Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta kazi ya video. Yeye alikuwa amekuja kutafuta mtu wa video. Tulikuwa kwa apu moja, ukumbi mmoja, na apu haikutukutanisha. Kwa nini? Kwa sababu yeye iliweka sanduku la "kilimo" na mimi ikaniweka "sanaa". Halafu tukakutanishwa na mandazi.

Msimamo wangu ni huu: apu ya kukutanisha watu ikitafuta wanaofanana, imekosea kazi yake. Ikutafutie anayehitaji ulicho nacho, au aliye na unachohitaji.

Najua wengine mtasema, "Si uongee tu na watu, apu ya nini?" Sawa, lakini watu hawaongei na wageni vile wanafikiria. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Paul Ingram na Michael Morris, walichapisha utafiti wa karamu moja ya watu wa biashara. Waliwavalisha vifaa vidogo vya kuonyesha nani anakutana na nani. Karibu wote walikuwa wamesema wanataka kujuana na watu wapya. Walipofika, karibu nusu ya muda wao wakaongea na watu waliokuwa wanawajua tayari. Na unajua nani aliyechanganyika na watu vizuri zaidi usiku huo? Yule wa kuuza vinywaji kwa kaunta. Tena tumerudi kwa laini ya chai.

Na hao wageni ndio wenye milango. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter aliandika kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Waliosaidiwa na mtu wanayemwona mara kwa mara hawakufika 17 kwa kila 100. Wengine wote walisaidiwa na mtu wa kuonana mara moja moja, au yule wa nadra kabisa. Inaleta maana: mbogi yako inajua nafasi zile zile unazozijua wewe. Habari mpya inatoka nje ya mbogi.

Kwa hivyo rafiki yangu anayeunda apu kama hizi aliponiuliza maoni, nilimpa hivi.

Kwanza, futa hiyo fomu ya chuo na cheo. Weka maswali mawili tu: umekuja kutafuta nini, na unaweza kumsaidia mtu na nini? Watu wajibu kwa maneno yao, Kiswahili, Sheng, vyovyote. Apu nyingi za kupendekeza vitu hutegemea historia: umetazama nini, umependa nini. Mtu mpya hana historia, kwa hivyo inamtupia walio maarufu. Ndiyo maana mimi nililetewa jukwaa zima. Majibu ya maswali hayo mawili yanatosha kuanzia, na hayaulizi baba yako alikuwa na karo au la.

Pili, nipe watu watatu, si kumi, na uniambie kwa nini. "Huyu anauza chakula cha kuku na anatafuta mtu wa video." Sentensi moja kama hiyo tayari inakupa pa kuanzia mazungumzo.

Tatu, weka kikomo. Mtu mmoja asipendekezwe kwa zaidi ya watu watano, na kila aliyejisajili atokee angalau kwa orodha ya mtu mmoja. Hapo ndipo rafiki yangu alikataa kidogo. Alisema waandaaji wanauza tiketi kwa majina makubwa. Nikamwambia hayo majina yabaki kwa bango. Kwa orodha yangu hayanisaidii kama hayawezi kujibu.

Nne, na hii msiichukulie poa: wote wawili wakubali kabla ya mmoja kumwandikia mwingine. Binti tuliyeenda naye alipokea jumbe kumi na moja siku hiyo. Tisa zilikuwa za kumkatia. Alifuta apu kabla ya lunch, na kama kulikuwa na mteja wake humo ndani, akampoteza. Namba ya simu isionekane hadi wote waseme ndiyo. Tena Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data ikusanywe kwa sababu iliyo wazi, na isizidi inayohitajika. Mwaka wangu wa kuhitimu ulihitajika kwa nini?

Tano, toa mahali na saa. "Meza ya chai, saa nne na nusu." Bila hiyo tunabaki na "tutaongea", na sote tunajua hiyo tutaongea huishia wapi. Na itume kwa SMS pia, kwa sababu bando huisha.

Rafiki yangu akaniuliza, atajuaje kama imefanya kazi? Usihesabu watu wangapi walibonyeza. Waulize wiki mbili baadaye: mmeongea tena? Waandaaji hawatalipenda hilo swali, kwa sababu kubonyeza kunapendeza kwa ripoti ya wadhamini kuliko jibu la "hapana".

Nakubali apu haiwezi kupanga kila kitu. Mama wa Thika hakuniona kwa data, aliona kistendi. Kwa hivyo waandaaji, hata mkipata apu bora, msifupishe chai kuwa dakika kumi. Laini iwe ndefu kidogo.

Lakini nafikiria yule kijana mwingine aliyeandika "bado" akasimama laini tofauti. Alirudi nyumbani akiamini kongamano ni la wenye vyeo, na 2,500 zake zimeenda.

Haya, tujaribu hapa hapa. Andika chini mistari miwili: unatafuta nini, na unaweza kusaidia na nini. Naanza mimi. Natafuta mtu anayejua kurekodi sauti safi mahali penye kelele za mat. Naweza kukufundisha kuhariri video kwa simu, bila laptopu.