Daftari la Madeni Langoni

Nauza chai na mahamri langoni mwa kiwanda kimoja hapa Changamwe, Mombasa. Tangu wafanyakazi wagome, narudi na beseni nusu. Hata hivyo nawaunga mkono. Daftari langu limejaa majina yao: chai mbili, mahamri manne, “mwisho wa mwezi, mama.” Mwezi ukiisha, kodi na karo zimeshaumeza mshahara, nami namkopa muuza unga. Mwajiri anasema nyongeza wanayodai itaua biashara. Biashara ya nani? Januari 1947 vibarua wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma, bandari ikanyamaza, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuchunguza mishahara yao. Nyongeza ikapatikana. Hawa nao walipwe. Kesho nitakanda unga kilo mbili, si nne.