Mteja Hali Kiungo, Anakula Bhajia

Ukiingia sehemu ya vyakula ya Diamond Plaza, Parklands, Nairobi, utazingirwa na wahudumu wenye menyu kabla hujapata kiti. Kila mmoja anavutia kwake: bhajia hapa, chipsi masala pale, mogo kule. Siku hizi ushindani huo unaanza mapema zaidi. Mteja akiwa bado Rongai anaiuliza simu pa kula, na akili unde inamjibu kwa aya moja yenye majina mawili matatu. Asiyetajwa hapati hata nafasi ya kunyoosha menyu.

Ndiyo maana kumechipuka washauri wanaotoza ada ili tovuti itajwe na ChatGPT au Google. Wenye biashara wasikimbilie kuwalipa.

Mbinu zinazofaa zinajulikana tayari. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Princeton, walitoa utafiti uliojaribu mbinu tisa za kuufanya ukurasa uonekane katika majibu ya akili unde, kwa maswali 10,000. Kuongeza takwimu, kunukuu wenye ujuzi na kutaja chanzo cha habari kuliinua mwonekano wa ukurasa kwa hadi asilimia 40. Ujanja wa zamani wa kurundika maneno yanayosakwa haukufua dafu.

Kwa Parklands, hilo lina maana ya moja kwa moja. Mtaa huu una barabara zinazotofautiana kwa namba tu, First Parklands Avenue hadi Sixth, kwa hiyo anwani ya nusunusu humpoteza mtu na mashine pia. Menyu iliyopigwa picha na kubandikwa Instagram ni vigumu zaidi kwa mashine kuifikia kuliko bei zilizoandikwa kwa maneno kwenye ukurasa wa wazi. Kliniki iliyo jirani na Hospitali ya Aga Khan inapaswa kueleza inatibu nini, nani aliyeandika maelezo hayo na lini yalihakikiwa. Mwenyewe asipoandika, mashine itaokoteza maoni ya wapita njia.

Kutajwa, hata hivyo, hakumfaidi kila mtu kwa kiwango kimoja. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilionyesha mwaka 2025 kwamba watumiaji wa Google walipokutana na muhtasari wa akili unde, walibofya kiungo cha kawaida katika asilimia 8 ya ziara zao; usipokuwepo, asilimia 15. Kwa gazeti linaloishi kwa matangazo, hiyo ni riziki inayopotea, na wachapishaji wana haki ya kudai malipo. Mkahawa hauna kilio hicho. Mteja akifika kwa miguu yake, kubofya kuna kazi gani?

Basi fedha za mshauri zimlipe kwanza mtu wa kuandika saa za kazi, bei na tarehe zilipohakikiwa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kisha mwenye duka aziulize programu hizo mwenyewe kila mwezi zinasema nini kumhusu, na arekebishe tovuti yake panapokosewa.