Beki Pia ni Staa, Wacheni Zenu

Kila wikendi naona klipu zenu: bao, chenga, bao, chenga. Sijawahi kuona msee ameposti beki akisoma pasi na kuikata kabla straika hata ajue imepigwa. So leo tunaongea kuhusu Naomi Girma, mpende msipende.

Huyu alizaliwa San Jose, California, mwaka wa 2000. Wazazi wake wametoka Ethiopia, jirani zetu hapa juu tu. Mpira alianza kuuchezea kwa mechi za jamii ya Wahabeshi ambazo babake alisaidia kuanzisha.

Alafu akaingia Stanford, na hapa ndio nataka mskize. 2019 wakachukua ubingwa wa vyuo vya Marekani. Fainali na North Carolina iliisha 0-0, wakashinda kwa penalti 5-4. Najua wengi wenu mngelala dakika ya 20. Mimi naona mabeki wa pande zote walifanya kazi yao. 2020 akakatika kano ya goti, lile jeraha linamalizanga wasichana wengi mapema. Akakaa nje, akarudi. Na masomo hakuacha: digrii yake inachanganya kompyuta, isimu, falsafa na saikolojia kwa sufuria moja. Manze.

2022 akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia ligi ya Marekani, na San Diego Wave. Msimu huo huo akawa mchezaji mpya bora na pia beki bora. Olimpiki ya Paris 2024, Marekani ilicheza mechi 6 ikafungwa mabao 2 tu. Robo fainali, nusu na fainali zote zilikuwa 1-0. Bao moja haliwezi kukupa dhahabu kama nyuma kunavuja, si ndio? Januari 2025 Chelsea wakamnunua kwa dola milioni 1.1, zaidi ya shilingi milioni 140. Hakuna mwanamke alikuwa amewahi kununuliwa kwa zaidi ya milioni moja ya dola. Wa kwanza akawa beki.

Na msiniambie ni kipaji tu. Tangu 1972 Marekani ina sheria inayokataza shule na vyuo vinavyopata pesa za serikali kubagua wasichana, hata kwa michezo. Ndio maana kuna timu, makocha na ufadhili wa masomo. Hakuna mtu alimwekea Naomi mpira mkono huu na vitabu mkono ule akamwambia chagua.

Kwetu? Sis wangu mdogo ni beki wa kati, na ana akili ya mchezo kunishinda. Juzi ameambiwa aweke daluga kando hadi amalize mtihani. Pacha wake ni kijana, ni winga, na mtihani ni ule ule. Yeye hajaambiwa kitu.

Mathe, najua unasomanga hizi posti zangu. Jumamosi saa tatu ana mechi.