Tusifundishe Jina la Programu, Tufundishe Usanifu

Kijana wa Madale aliyemaliza kidato cha nne na mwenye kipaji cha kuchora haulizi tena kama usanifu wa michoro ni kazi. Huuliza ajifunze programu ipi. Nasi wazazi, watumishi na walimu, humlipia ada kwa kufuata jina lililovuma, ambalo aghalabu ni Adobe.

Ubora wa Photoshop na Illustrator haubishaniwi. Lakini tangu mwaka 2013 kampuni hiyo ya Marekani iliacha kuuza matoleo mapya ya programu hizo; huyakodisha, na kodi ikikatika zana hufungwa. Seremala gani wa Tegeta angekubali randa yake ifungiwe asipolipia mwezi? Wapo wanaokimbilia nakala za wizi. Huko si kujitegemea, ni kuianza kazi kwa kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

Tena majina hayo hayadumu. FreeHand, iliyotegemewa na wasanifu wengi duniani, iliingia mikononi mwa Adobe mwaka 2005 iliponunua kampuni ya Macromedia. Mwaka 2007 uendelezaji wake ukasitishwa. Aliyejua FreeHand tu ilimbidi arudi darasani. Aliyejua usanifu alibadili zana, basi.

Na usanifu ni nini? Mtazame mchoraji wa kanga. Hana budi kujua pindo, mji na jina. Ajue rangi zipi hugombana, na herufi zipi husomeka mvaaji akiwa anatembea. Elimu hiyo haimo ndani ya programu yoyote, iwe ya bure au ya kukodi, na huweza kuanza kwa penseli na karatasi.

Kwa anayeanza, Inkscape yatosha kuchora nembo na mabango, maana mchoro wake hukuzwa bila kuchakaa. GIMP yatosha kwa picha. Zote ni za bure, na zikishawekwa kwenye kompyuta hazidai intaneti. Inkscape ni dhaifu katika rangi nne za uchapaji, kwa hiyo kazi ya kiwandani ni heri ipitie Scribus, nayo ya bure.

Kikwazo kimebaki ofisini kwetu. Tangazo la kazi hutaja programu kana kwamba ndiyo taaluma. Afisa utumishi na aombe kuona nembo, bango na jalada alivyotengeneza mwombaji, kisha ampe jaribio la saa mbili kwa zana aichaguayo mwenyewe.