Ngeli Ndani ya Waya: Kiswahili na Usakaji wa Hitilafu za Mitambo

Mjadala kuhusu nafasi ya Kiswahili katika sayansi na teknolojia umevuma kwa miaka mingi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Wapo wanaoshikilia kwamba lugha hii haijakomaa kiasi cha kuingia ndani ya mtambo. Na wapo wanaowajibu kwa kutaja orodha ndefu za istilahi. Pande zote mbili zimepita bila kutazama mahali ambapo lugha na mtambo hukutana pasi na pazia, nako ni kwenye programu ndogo ya kuandikiwa amri ambayo fundi huitumia kuzungumza na bodi ya saketi kupitia waya. Makala haya yanadai kwamba hapo pana kazi inayomsubiri mwanafunzi wa Kiswahili, na kwamba mhandisi peke yake hawezi kuikamilisha.

Yafaa kueleza kwanza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Ruta, kidhibiti cha pampu ya sola na vifaa vingine vingi vimepachikwa tarakilishi ndogo isiyo na skrini wala kibodi. Kifaa kinapogoma, fundi hukifungua na kuunganisha nyaya tatu: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Mbili za kwanza huvukishwa, ili kinywa cha upande mmoja kielekee sikio la upande wa pili. Kisha hufungua programu kama minicom au picocom katika tarakilishi yake, akataja mlango na kasi. Kasi ya biti 9600 kwa sekunde hupitisha herufi 960, kwa kuwa kila herufi ya biti nane husindikizwa na biti moja ya kuanza na moja ya kumaliza. Kasi za pande mbili zisipolingana, skrini hujaa alama zisizosomeka. Zikilingana, mtambo huanza kueleza unakoumia.

Swali ni je, unaeleza kwa lugha gani? Jibu ni kwamba unatumia maneno yale yale aliyoyaandika mtunzi wa programu yake. Waya haujui Kiingereza. Unajua namba tu. Mfumo wa ASCII, uliotolewa mwaka 1963, una alama 128, na herufi zote za Kiswahili zimo, hata ile ritifaa ya ng'ombe. Kigĩkũyũ kinahitaji alama za ziada juu ya irabu. Kiswahili hakihitaji chochote. Wala kisingizio cha uhaba wa nafasi hakina mashiko. Chipu ya ATmega328, inayotumiwa na wanafunzi wengi kwenye bodi za Arduino, ina hifadhi ya kilobaiti 32 kwa ajili ya programu, na ujumbe wa herufi 40 hula baiti 41 tu. Isitoshe, neno moja kama "haijaunganishwa", lenye herufi 15, hubeba nafsi, ukanushi, wakati na hali ya kutendwa kwa pamoja.

Ugumu wa kweli umo katika sarufi. Mtunzi wa programu huandika sentensi moja yenye pengo, kisha mtambo hulijaza pengo hilo kwa jina la sehemu iliyoharibika. Kwa Kiingereza kitenzi hicho kimoja huwatosha wote. Kwa Kiswahili, betri imeharibika, kifaa kimeharibika, waya umeharibika, na vifaa viwili vimeharibika. Asiyejali ngeli ataishia kuandika "kifaa imeharibika". Dawa si ngumu: kila jina lihifadhiwe pamoja na kiambishi chake cha upatanisho, i-, ki-, u- au vi-, kisha programu iviunganishe na shina la kitenzi. Ni jedwali la baiti chache, lakini halitungiki bila mtu aliyesoma mofolojia ya Kiswahili akaielewa.

Historia inatoa funzo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake katika miaka iliyofuata. Juhudi hizo zinastahili sifa. Hata hivyo, zilitafsiri menyu na vitufe, yaani uso wa mtambo wakati mambo ni shwari. Mtambo unapougua, lugha hubadilika.

Watasema wapinzani kwamba fundi anahitaji Kiingereza ili atafute suluhisho mtandaoni na asome vitabu vya watengenezaji. Hoja hiyo ina uzito, na mgala muue na haki umpe. Lakini ujumbe unaweza kubeba namba ya hitilafu na maelezo ya Kiswahili bega kwa bega: namba kwa ajili ya utafiti, maelezo kwa ajili ya aliyeshika bisibisi. Mkulima wa Malava ambaye pampu yake imekauka hapaswi kumsubiri mhandisi kutoka mbali ili aambiwe kwamba waya umekatika.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo itabaki karatasini iwapo haitafika karakanani. Katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, Kiswahili na uhandisi wa umeme hufundishwa ndani ya ua mmoja. Chama cha Kiswahili na wanafunzi wa uhandisi waketi meza moja, wachague kifaa kimoja, waandike jumbe zake zote kwa Kiswahili sanifu, kisha wazijaribu mbele ya mafundi wa mjini. Istilahi itakayoeleweka na fundi ibaki, na itakayomkwaza iachwe. Kamusi itakayozaliwa hivyo itakuwa fupi, lakini kila neno lake litakuwa limekwisha kufanya kazi.